Waliniswalia Nikiwa Maskati

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba nimekufa alikuwa kijana wa benki, na aliniambia kwa adabu sana.

Nilikuwa Maskati, nyumbani kwa binti yangu, nimekaa jikoni nachambua mchele. Mimi ni mkunga mstaafu. Umri wangu wa kazi wote niliumalizia katika wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali pale Tabora, na nilipostaafu binti yangu akanichukua nikaishi naye Omani, alikoolewa. Pensheni iliendelea kuingia katika akaunti yangu ya Tabora, nami huku ugenini nikawa naitoa kidogo kidogo kwa kadi, kwenye mashine iliyo karibu na msikiti. Mara moja kwa mwaka nilikwenda ubalozini kuhakikiwa. Sisi wastaafu tulioko nje tunaita "kwenda kuonekana". Unaketi kwenye kiti, ofisa anakutazama, anaitazama picha yako, kisha anaandika kwamba upo.

Mwaka ule sikwenda kuonekana kwa wakati. Niliugua mapafu, nikalazwa, nikazama katika homa siku ambazo mpaka leo sijui zilikuwa ngapi. Nilipotoka hospitali nilikuwa siwezi kupanda ngazi bila kushikwa mkono. Kwa hiyo pensheni iliposimama nilidhani najua sababu. Nikapiga simu benki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Nikamweleza shida yangu, nikamtajia namba ya akaunti. Nikasikia vidole vyake vinagonga, halafu vikaacha.

"Bibi, samahani. Wewe ni nani wake mwenye akaunti?"

"Ndiye mimi mwenyewe."

Nyuma yake nilisikia watu wa benki wakiongea, mtu akicheka.

"Samahani sana bibi. Hapa inaonyesha mwenye akaunti ni marehemu." Na kwa kuwa alikuwa mtoto aliyelelewa, akaongeza, "Poleni kwa msiba."

Nami, kwa mazoea ya mdomo, nikamjibu, "Tumeshapoa."

Nilipokata simu ndipo nikalisikia neno lenyewe nililolisema. Nikajigusa shavu. Binti yangu akauliza mama vipi, nikamwambia hakuna kitu, mtandao tu.

Nyumba yangu ya Tabora, mtaa wa Kanyenye, nilimwachia wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu. Ni mwanamke wa Nzega, mkimya, mcha Mungu, wa kuaminika kupita ndugu wengi wa damu. Tangu nitoke hospitali nilikuwa nampigia hapokei. Simu inaita mpaka inakata. Nilifikiri amebadilisha laini, au simu yake imekufa. Sasa nikaanza kufikiri mengine, na katika yote niliyofikiri hakuna lililokaribia lile lililokuwa kweli.

Nikaambiwa kwamba mtu akishaandikwa marehemu hafutiwi kwa simu. Ilibidi nifike Tabora mwenyewe, kwa miguu yangu. Binti yangu alikuwa na mtoto mdogo, hakuweza kunisindikiza. Nikapanda ndege mpaka Dar es Salaam, kisha treni.

Tulifika Tabora mchana, mwezi wa jua kali kabla ya mvua, wakati ule ambao hata kuku wanaacha kutembea. Nikachukua bajaji. Mtaa wetu ulikuwa mweupe kwa jua na hapakuwa na mtu, ila fundi cherehani wa kona, aliyenishonea nguo tangu binti yangu akiwa mdogo. Nikamwambia dereva asimame nimsalimie.

"Asalaam alaikum, fundi."

Mguu wake ukasimama kwenye pedali. Hakuitikia. Sisi kwetu kutoitikia salamu si jambo dogo, na huyu alikuwa mtu wa msikitini kila swala. Alinitazama usoni, kisha macho yake yakashuka polepole mpaka miguuni kwangu, yakabaki huko. Nilijua anatafuta nini. Nami nilikua nikisikia kwamba jini huficha yote asifiche miguu yake yenye kwato. Nikarudi kwenye bajaji sikusema neno jingine.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Wifi alikuwa ameketi kwenye kigoda, amenipa mgongo, anapepeta mtama. Nikapiga hodi.

Hakugeuka. Ungo haukusimama hata kidogo.

"Umekuja tena," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeongea na paka wa jirani. "Nenda wifi. Tulishakusomea. Nenda, upumzike."

Nikasimama pale na kijua changu cha utosini, nikimtazama mtu anayenifahamu kuliko wote akinifukuza kwa upole. Nitasema ukweli: kwa muda mfupi nilifikiri labda yeye ndiye anayejua, na mimi ndiye nisiyejua.

Dereva wa bajaji akaingia na begi langu kichwani. "Bibi, hili niliweke wapi?"

Hapo ndipo ungo ulipoanguka. Wifi aligeuka, hakunitazama mimi, alimtazama dereva.

"Unamwona?"

"Namwona nani?"

"Huyo."

"Bibi? Si ndiye niliyemtoa stesheni." Yule kijana akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaliweka begi chini palepale mlangoni, akaondoka bila kuaga.

Wifi hakunikumbatia. Alinivutia kigoda kwa mguu, akanitaka nikae upande wa jua, ambako kivuli changu kilionekana vizuri. Alikitazama kile kivuli. Kisha akaingia ndani akatoka na maji, akanitazama nikiyanywa mpaka tone la mwisho. Ndipo akaanza kulia, na kulia kwake hakukuwa kwa furaha.

Alinieleza yote mchana ule, akiwa ameketi mbali kidogo.

Miezi michache nyuma, asubuhi, simu yake iliita. Aliiona namba yangu ya Maskati akafurahi, akapokea kwa salamu ya kwao, "Mwangaluka, wifi." Sauti haikuitikia. Ilisema kwa Kinyamwezi kwamba wifi yake hayupo tena, wasisubiri mwili, wamfungie njia. Kisha simu ikakatwa.

"Sauti ya nani?" nikauliza.

"Wifi, usiniulize."

"Ya nani?"

"Yako," alisema. "Ila ilikuwa inaongea Kinyamwezi cha zamani, kama cha mama mkwe."

Mama mkwe wake ni mama yangu mzazi, ambaye alikwisha kufa siku nyingi. Na hapa lazima nieleze mambo mawili. La kwanza, mimi ni mtoto wa mjini. Kinyamwezi nakisikia, lakini sijawahi kukisema vizuri. Mama alikuwa akinicheka nikijaribu. La pili ni hilo la kufungia njia. Babu wa mama yangu alikuwa mpagazi, mmoja wa wale waliobeba mizigo kutoka huku mpaka pwani. Katika ukoo wetu, mtu aliyekwenda na msafara akapotea, hakurudi wala habari zake, wanawake walichukua kitu alichokuwa akikivaa wakakizika kando ya njia ile ile aliyoondokea, ili aache kutembea. Waliita kumfungia njia. Si jambo la dini, wala hatulisemi mbele ya watu. Tulikuwa tumebaki wawili tu tunaolijua, mimi na wifi, ambaye aliambiwa na mama.

Kwa hiyo wifi hakuwa na shaka. Nani mwingine angeyajua maneno yale? Alijaribu kumpigia binti yangu, lakini namba aliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani. Akaita ndugu. Msikitini wakaniswalia swala ya ghaibu, ile anayoswaliwa maiti aliyeko mbali. Wakaweka matanga, wakasoma hitima, wakagawa nguo zangu kwa maskini kama inavyopasa. Na yeye mwenyewe, kwa uaminifu wake, alifunga safari mpaka kwa mtendaji wa mtaa na benki kuwaambia wasiendelee kuniwekea pensheni, kwa kuwa si haki mali ya serikali kumwendea maiti.

"Halafu ukaanza kunipigia," alisema. "Namba yako. Namba ya maiti. Simu naitupa chini ya kitanda naifunika na mto. Halafu ukaanza kuja."

"Kuja wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu tangi la maji lililo kwenye pembe ya ua. "Pale. Jua likiwa kichwani. Umevaa sare yako ya kazini. Husemi kitu, unakaa umetazama mlango wa chumba chako. Mwanzo nilikimbia. Baadaye nikazoea, nikawa nakusemesha."

Nililitazama tangi lile kwa siku zote nilizokaa pale. Sikuona kitu. Lakini sikupita karibu yake mchana.

Kuishi mtaani baada ya kuzikwa si rahisi. Watu walikuja kunitazama wakijifanya wamekuja kuazima chumvi au ungo. Jirani mmoja, bibi mkubwa kunizidi, alinijia moja kwa moja.

"Toa ulimi."

Huko kwetu wanaamini kwamba mtu anaweza kuchukuliwa kichawi, watu wakazika gogo wakidhani ni yeye, naye akafanywa msukule, akalimishwa mashamba ya watu gizani, na ulimi wake hukatwa asiseme. Nimewaambia wagonjwa wangapi watoe ulimi katika maisha yangu! Nikautoa. Bibi akauangalia juu na chini, akaridhika nusu, akaondoka. Wifi naye alikuwa akinipakulia mboga yenye chumvi ya kuwasha mdomo, kwa kuwa wanasema misukule haili chumvi. Nilikula yote. Siku moja sokoni nilimwona mwanamke nisiyemjua amejifunga kanga yangu, ile ya zambarau niliyopewa na wauguzi wenzangu siku ya kuniaga. Aliniona ninavyoitazama, akadhani namsalimia, akatabasamu. Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini? Alikuwa ameipata kwa halali.

Nilikwenda benki. Kijana yule mwenye adabu nilimtambua kwa sauti. Akaniwekea kile kimashine cha alama za vidole.

"Weka kidole hapa bibi. Gandamiza kidogo."

Mashine ikalia, taa ikawa nyekundu. Tukajaribu kingine, na kingine. Akanifutia mikono kwa kitambaa, akaifuta na mashine. Akaweka kidole chake yeye, ikakubali mara moja. Akaniweka tena mimi, ikakataa. Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakaanza kurudi nyuma polepole, kila mtu akijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Sababu naijua. Mkono ulioshinda kwenye dawa za kuoshea, spiriti na maji ya moto miaka yote ile, mistari yake inafutika. Wauguzi wengi wazee wako hivyo. Nilimweleza kijana akatikisa kichwa kwa kuelewa. Lakini niliporudi nyumbani nilikaa kitandani nikavitazama vile vidole, laini kama vya mtoto asiyewahi kushika kitu, nikaogopa mikono yangu mwenyewe.

Ikaamuliwa kwamba aliyepeleka habari za kifo ndiye aje azifute, mbele ya mtendaji wa mtaa. Wifi akakubali. Alivaa vizuri, akatembea hatua chache nyuma yangu njia nzima.

Mtendaji alikuwa mtu wa haraka. "Mama, wewe ndiye uliyesema huyu amefariki?"

"Ndiyo mimi."

"Sasa unathibitisha kwamba huyu hapa ndiye mwenyewe, na yuko hai?"

Wifi alinitazama. Sikuwahi kutazamwa vile, hata na mama aliyejifungua anayetazama mtoto asiyelia. Feni ya mezani ilizunguka ikatupuliza sote wawili, ikageuka.

"Mwili ni wake," alisema.

"Sijauliza mwili, mama. Nauliza, ni yeye?"

Mtendaji akainua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Andika ni yeye," alisema wifi.

Akaandika. Nikawa hai kuanzia hapo.

Jioni ile nilimpigia binti yangu, nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa nimeliogopa tangu siku ya kwanza. Nilipokuwa hospitali, simu yangu ilikuwa na nani?

"Ilikuwa na wewe, mama. Chini ya mto. Ulikuwa hutaki iguswe."

"Niliongea na mtu?"

"Kuna asubuhi niliingia nikakukuta umeiweka sikioni, unaongea. Nikadhani unaota. Sikuelewa ulichosema, ulikuwa unaongea Kinyamwezi. Mama, mimi sikujua kama unakijua kiasi kile."

Basi ni mimi. Niliitangaza maiti yangu mwenyewe. Homa hufanya mengi, na mimi nimeona mengi wodini. Nimesikia wasichana wakiita watu ambao hakuna anayewajua, nimesikia mtu wa kambi ya wakimbizi ya Ulyankulu akihesabu kwa Kirundi ng'ombe walioachwa na babu yake ng'ambo ya mpaka. Maneno ya mama yangu yalikuwa ndani yangu, yakatoka siku mlango ulipokosa mlinzi. Ndivyo ninavyojiambia. Lakini kuna usemi mmoja sijaupatia pa kuuweka. Mtu anayeota kifo chake husema nakufa. Mimi nilisema hayupo.

Nilimwomba wifi anipeleke walipofunga njia yangu. Hakutaka, nikamng'ang'aniza. Tukaenda alasiri, nje ya mji upande wa Kwihara, kwenye kiunga cha familia ambako mama amelala, kando ya ile barabara ya misafara, ambayo siku hizi ni njia ya baiskeli na mikokoteni ya mkaa. Hapo, hatua chache kutoka kwa mama, palikuwa na tuta dogo lenye jiwe. Lilikuwa fupi kama la kichanga.

"Mlizika nini?"

"Viatu vyako vya kazini. Vile vyeupe."

Nilivikumbuka. Nilivinunua karibu na kustaafu, nikavivaa mara chache, nikavihifadhi kwa kuwa vilikuwa bado vizima. Nikapiga magoti nikaanza kufukua kwa mikono. Wifi alisimama mbali.

"Wifi, ukivitoa unaifungua njia. Utajuaje nani atapita?"

Udongo ulikuwa mkavu, haukunipa taabu. Vilikuwa vimefungwa kwa kipande cha sanda. Nilivifungua nikavigeuza. Ngozi ya juu ilikuwa nyeupe bado, imepasuka kidogo. Lakini soli zilikuwa zimekwisha. Kisigino kimelika upande mmoja, upande ule ule ninaoulemea mimi, na katikati ya kila soli palikuwa na tundu, kingo zake zimesagika zikawa laini kabisa.

"Vilikuwa hivi mlipovizika?"

Wifi alikuwa amejifunika mdomo kwa ushungi. Akatikisa kichwa kukataa.

"Mchwa," nikasema. Mchwa wa Tabora anakula hata mpira, kila mtu anajua. Nililisema tena, kwa sauti zaidi. Upepo ulikuwa umetulia, na kwenye ile barabara hapakuwa na mtu kwenda wala kurudi.

Nilikuwa nimekusudia kuvichukua. Nilikuwa nimeshafikiri nitavichoma moto uani ili mambo yaishe. Badala yake nilijikuta navifunga tena kwenye kile kitambaa, taratibu, kama nilivyokuwa nikimfunga mtoto aliyezaliwa bila uhai, nikavirudisha. Nikafukia mwenyewe. Wifi alisoma Fatiha kutoka pale aliposimama, nami nikaitikia amina. Mpaka leo sijui tulikuwa tunamwombea nani.

Pensheni ilirudi baada ya muda, pamoja na ya miezi iliyosimama. Nilirudi Maskati. Wifi alianza tena kupokea simu zangu, na nilipomuuliza kuhusu pale kwenye tangi alisema siku hizi hatazami huko.

Alifariki masika yaliyofuata, ghafla, baada ya kuugua siku chache. Safari hii habari aliileta mtu aliye hai, mtendaji yule yule, na ndugu wakakubali kunisubiri kwa kuwa nilipata ndege siku hiyo hiyo. Nilifika mwili ukiwa chumbani, mvua inapiga bati, ua umejaa wanawake. Nilipoingia walinipisha. Walipisha mno, ikabaki njia pana katikati yao.

Kumwosha ilikuwa haki yangu, na wenye kujua kuosha walikuwa wengi pale. Lakini nilipovua viatu nikaingia nyuma ya pazia, hakuna aliyenifuata. Niliita, wakatazamana. Basi nikaanza peke yangu. Maji nilikuwa nimeyapima kwa kiwiko, kama tulivyokuwa tukipima ya kuogeshea vichanga. Nilimwosha uso na mikono, lakini kumgeuza ubavu mtu mzima si kazi ya mtu mmoja, tena mwenye umri wangu. Nikabaki nimemshika bega, siwezi kumgeuza wala kumwachia.

Pazia likafunguka. Akaingia mwanamke aliyelowa mvua, mnene, uso wake ni wa wifi mtupu. Mdogo wake wa Nzega, ambaye hatukuwahi kukutana naye na ambaye hakuwa ameambiwa kitu kunihusu. Akakunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko.

"Pole dada," alisema. "Nishike wapi?"

Nikamwonyesha.